Je, Wajua? Wanawake wa Majilio na Imani Isiyokaa Bure

Majilio ni msimu wa kungoja, na Biblia imejaa wanawake waliongoja. Wapo waliongoja mtoto, waliongoja haki, waliongoja mavuno, waliongoja mkombozi wa taifa lao. Ukiwafuata mmoja mmoja, kuanzia Tamari wa kitabu cha Mwanzo hadi Ana wa Injili ya Luka, utaona jambo linalowaunganisha wote: hakuna aliyengoja amekunja mikono. Kila mmoja alikuwa na kazi aliyoifanya kabla ahadi haijaonekana kwa macho. Wahenga wetu walisema subira yavuta heri, na wanawake hawa wanatuonyesha subira hiyo hushika kazi gani wakati heri bado iko njiani.

Je, wajua kwamba Majilio hayana idadi moja ya siku?

Jumapili ya kwanza ya Majilio ni ile iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba. Kwa hiyo huweza kuangukia siku yoyote kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na msimu mzima huwa na siku 22 hadi 28. Jumapili huwa nne kila mwaka, isipokuwa kwa Wakatoliki wa Milan nchini Italia, ambao kwa mapokeo yao ya kale huadhimisha Jumapili sita. Waorthodoksi wa Ethiopia nao hujiandaa kwa Saumu ya Manabii, mfungo wa zaidi ya siku 40 unaoishia kwenye Krismasi yao ya tarehe 7 Januari.

Lile taji la mishumaa linalowekwa karibu na altare lilianza mwaka 1839 mjini Hamburg, Ujerumani. Mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alilitengeneza kwa gurudumu la mbao kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa akiwatunza. Aliweka mishumaa mikubwa minne kwa Jumapili, na midogo kwa siku za katikati ya juma.

Je, wajua kwamba juma la mwisho kabla ya Krismasi ni kama juma la akina mama?

Tazama kalenda ya masomo ya misa ya Kanisa Katoliki kuanzia tarehe 17 Desemba. Siku hiyo husomwa orodha ya ukoo wa Yesu kutoka Mathayo sura ya 1, ambamo wamo wanawake watano. Tarehe 19 husomwa habari za mama yake Samsoni pamoja na za Elisabeti. Tarehe 20 ni Mariamu na malaika Gabrieli. Tarehe 21 ni Mariamu akiingia nyumbani kwa Elisabeti. Tarehe 22 Hana anampeleka mwanawe Samweli hekaluni, na Injili ya siku hiyo ni wimbo wa Mariamu. Tarehe 23 Elisabeti anajifungua na kusimamia jina la mtoto wake.

Basi mtu anayehudhuria ibada za asubuhi katika juma hilo hupitishwa kwenye historia nzima ya wokovu akiongozwa na wanawake. Tuwafuate.

Je, wajua kwamba Mathayo aliwaruka Sara, Rebeka, Raheli na Lea?

Orodha za ukoo za Wayahudi zilifuata jina la baba. Luka naye ana orodha yake katika sura ya 3, na hakumtaja mwanamke hata mmoja. Mathayo alipanga vizazi vya Yesu katika mafungu matatu ya vizazi kumi na vinne, kisha akawaingiza wanawake watano: Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, na Mariamu.

Angetaka kuupamba ukoo huo, wake wa mababu walikuwepo. Sara alikuwa na heshima ya pekee: ndiye mwanamke pekee ambaye Biblia ya Kiebrania imetaja umri wake alipofariki, miaka 127. Mathayo alimpita, akamchagua mjane aliyedhulumiwa na ukweni, mwanamke wa Yeriko aliyeishi kwa kujiuza, mjane mgeni kutoka Moabu, na mke aliyechukuliwa na mfalme. Kila mmoja wao jamii ingeweza kumnyooshea kidole. Injili inafungua mlango wake kwa majina hayo, ili asiwepo msomaji atakayesema kwamba nyumba hii ni ya watu wasio na historia.

Je, wajua kwamba Tamari aliokolewa na ushahidi alioutunza?

Kisa chake kiko Mwanzo 38. Mume wake alifariki bila mtoto, na mila ilimtaka ndugu wa marehemu amwoe mjane ili jina la marehemu lisipotee. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua mila ya namna hiyo, pamoja na machungu yake. Ndugu wa pili alimtumia Tamari bila nia ya kumpa uzao, naye akafa. Yuda, baba mkwe, akamrudisha Tamari kwa wazazi wake, akimwahidi mwanawe wa tatu. Mwana akakua, ahadi haikutimizwa.

Tamari alijifunika uso, akakaa njiani, na Yuda akamdhania kahaba. Kabla ya kukubali lolote, Tamari alidai rehani: pete ya muhuri, kamba yake, na fimbo. Kwa watu wa zama zile muhuri ulikuwa saini ya mtu, na fimbo ilikuwa alama ya nafasi yake. Ujauzito ulipojulikana, Yuda akaamuru mkwewe achomwe moto. Tamari hakupiga kelele. Alivituma vile vitu vitatu na kuomba vitambuliwe ni vya nani. Yuda alikiri mbele ya watu kwamba mwanamke huyo alikuwa na haki kuliko yeye.

Kisa hiki ni kigumu kukisoma kanisani, na hatuna sababu ya kukifanya kiwe laini. Hata hivyo, kinamfundisha kila aliyenyimwa haki na ndugu zake kwamba Mungu haoni aibu kusimama upande wa mwenye madai ya kweli, hata kama madai hayo yanamwaibisha mkubwa wa ukoo.

Je, wajua kwamba uzi mwekundu umetokea mara mbili katika ukoo huu?

Tamari alipojifungua pacha, mmoja alitoa mkono kwanza, na mkunga akaufunga uzi mwekundu ili ajulikane ndiye wa kwanza. Mkono ukarudi ndani, na mwenzake Peresi akatangulia kutoka. Ukoo wa Yesu uliendelea kupitia huyo Peresi ambaye hakufungwa uzi.

Miaka mingi baadaye, kamba nyekundu ikafungwa tena, safari hii dirishani kwa Rahabu, juu ya ukuta wa Yeriko. Rahabu aliwaficha wapelelezi wawili wa Israeli darini, chini ya mabua ya kitani aliyokuwa ameyaanika. Aliwaambia kwamba amesikia habari za Mungu wao, na kwamba anaamini. Kisha akadai kiapo. Angalia alichokiomba: hakujiombea nafsi yake peke yake, aliwaombea baba yake, mama yake, kaka zake, dada zake na wote walio wao. Wapelelezi walipoondoka akaifunga kamba, akaanza kungoja siku ambayo hakuijua.

Waraka kwa Waebrania sura ya 11, ile orodha maarufu ya mashujaa wa imani, unawataja wanawake wawili tu kwa majina, Sara na Rahabu. Yakobo naye, alipotaka mifano ya watu ambao imani yao ilionekana kwa matendo, alimweka Rahabu bega kwa bega na Ibrahimu.

Je, wajua kwamba Ruthu alibeba zaidi ya debe moja la shayiri siku ya kwanza ya kazi?

Kitabu cha Ruthu kina sura nne na aya 85 tu. Huanza na njaa na makaburi matatu, na huishia kwa mtoto mikononi mwa bibi yake. Katikati kuna kazi ngumu. Torati iliwaamuru wenye mashamba wasivune hadi pembezoni wala wasirudie kuokota yaliyodondoka, ili maskini, mjane na mgeni wapate chakula. Ruthu alikuwa vyote vitatu. Aliingia kondeni nyuma ya wavunaji, akaokota masuke hadi jioni, akayapura, akapata karibu efa moja, yaani kama lita 22. Aliyewahi kubeba debe la mahindi kutoka shambani anajua uzito huo, na Ruthu aliubeba hadi mjini kwa mama mkwe wake Naomi.

Lakini alikuwa Mmoabu, na Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inamzuia Mmoabu asiingie katika kusanyiko la Bwana. Kwa nini basi Boazi hakumdharau? Mathayo anatupa fununu ambayo ni rahisi kuipita: anamtaja Rahabu kuwa mama yake Boazi. Mtu aliyelelewa na mwanamke mgeni aliyepokelewa na Israeli alikuwa na sababu ya kumtazama mgeni mwingine kwa macho ya huruma. Fadhili aliyotendewa mama ilimrudia mkwe.

Mwishoni mwa kitabu, wanawake wa Bethlehemu walimwambia Naomi kwamba mkwe huyu ana thamani kwake kuliko wana saba. Mtoto wa Ruthu aliitwa Obedi, babu yake Daudi. Mji alikozaliwa ndio huohuo ambao wachungaji waliukimbilia usiku ule wa Krismasi.

Je, wajua kwamba Mathayo alikataa kuificha dhambi ya mfalme?

Bath-sheba hakutajwa kwa jina lake katika orodha ya Mathayo. Anaitwa mke wa Uria, ingawa alipomzaa Sulemani alikuwa mke halali wa Daudi. Wapo wanaodhani huku ni kumdharau mama huyo. Ukisoma kwa makini, aliyewekwa wazi hapo ni Daudi. Kila asomapo mtu ukoo wa Masihi, hukutana na jina la askari mwaminifu, Uria Mhiti, ambaye mfalme alipanga auawe vitani ili amtwae mkewe. Nabii Nathani alipokuja na lawama, aliielekeza kwa mfalme, akimlinganisha Uria na maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee.

Bath-sheba alimzika mume, kisha akamzika mtoto. Alipoonekana tena, Daudi alikuwa mzee, na mwana mwingine wa mfalme alikuwa amekwisha kujitangazia ufalme. Aliingia chumbani kwa Daudi, akamkumbusha kiapo alichoapa kuhusu Sulemani. Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinasema Sulemani alipoketi enzini alisimama kumpokea mama yake, akamwinamia, akaagiza kiti chake kiwekwe upande wa kuume. Mwanamke aliyeletwa ikulu bila kupewa nafasi ya kukataa alimaliza akiwa ameketi mahali pa heshima.

Je, wajua kwamba mama yake Samsoni alikuwa na imani tulivu kuliko mumewe?

Biblia haitaji jina lake, inamwita mke wa Manoa. Malaika alimtokea yeye kwanza akampa habari za mtoto na masharti ya ujauzito. Manoa aliomba malaika arudi, na aliporudi alimwendea tena mwanamke, wakati huu akiwa ameketi kondeni, mume hayupo. Ikambidi mama akimbie kumwita mumewe.

Malaika alipopaa katika mwali wa madhabahu, Manoa alishikwa na hofu akisema watakufa kwa kuwa wamemwona Mungu. Mkewe alimjibu kwa hoja: kama Mungu angetaka kuwaua, asingeipokea sadaka yao wala asingewaonyesha mambo yale. Huko ni kutumia akili katika imani. Wengi wetu tunaposubiri, hofu huja baada ya jibu kuanza kuonekana. Mama huyu anatufundisha kuhesabu yale ambayo Mungu amekwisha kutenda, kisha kutoka hapo kuamua ya mbele.

Je, wajua kwamba Wayahudi walijifunza namna ya kusali kutoka kwa Hana?

Hana alikuwa mke wa Elkana, mpendwa wa mumewe lakini hana mtoto, na mke mwenzake Penina alimchokoza mwaka baada ya mwaka walipokwenda Shilo. Alisali hekaluni midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Hana alijitetea kwa adabu na kwa uwazi, na Eli akambariki.

Walimu wa Kiyahudi walioandika Talmudi walichukua sala hiyo ya Hana kuwa kielelezo. Kutoka kwake walitoa mafundisho kwamba mwenye kusali auelekeze moyo, ayatamke maneno kwa midomo, wala asipaaze sauti. Walisema pia kwamba Hana ndiye mtu wa kwanza kumwita Mungu kwa jina la Bwana wa majeshi katika sala. Kisa chake husomwa katika masinagogi siku ya mwaka mpya wa Kiyahudi.

Sisi huishia mara nyingi pale alipopata mtoto, Samweli. Lakini yaliyofuata ni mazito. Alipomwachisha kunyonya alimpeleka Shilo akamwacha huko amtumikie Mungu. Kisha kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Hebu mfikirie mama anayekata kitambaa kwa kukisia mwana amerefuka kiasi gani tangu mwaka jana. Baadaye Hana alijaliwa wana watatu na binti wawili, lakini ile zawadi ya kwanza hakuomba irudishwe.

Je, wajua kwamba Elisabeti ndiye aliyelisimamia jina la Yohana?

Elisabeti alikuwa wa uzao wa Haruni, na Kutoka sura ya 6 inaonyesha kwamba mke wa Haruni mwenyewe aliitwa Elisheba, jina lilelile. Yeye na Zakaria walikuwa wazee na wenye haki, ila hawakuwa na mtoto. Alipochukua mimba alijitenga miezi mitano. Nyumbani hapakuwa na mazungumzo, kwani mumewe alikuwa bubu tangu siku ile hekaluni.

Siku ya nane baada ya kujifungua, ndugu na majirani walikuja kwa tohara, wakataka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Katika jamii zetu ambamo jina la mtoto ni mali ya ukoo, tunaelewa uzito wa mkutano huo. Elisabeti alikataa, akasema ataitwa Yohana. Wakamwambia hakuna mtu wa jamaa yake mwenye jina hilo, wakamgeukia baba kwa ishara ili kutafuta uamuzi mwingine. Zakaria akaomba kibao, akaandika jina lilelile la mkewe, na ulimi wake ukafunguka.

Kuna jambo jingine kubwa kwa Elisabeti. Mariamu alipoingia mlangoni, Elisabeti ndiye mwanadamu wa kwanza katika Injili ya Luka kumkiri Yesu kuwa Bwana, mtoto akiwa bado tumboni. Mzee aliyengoja miaka mingi alimpokea msichana aliyepewa mtoto mkuu kuliko wake, akambariki kwa sauti kuu bila chembe ya wivu. Furaha ya kumshangilia mwenzako ni tunda la imani, na katika Majilio tunalihitaji mno.

Je, wajua kwamba kalenda ya Kanisa ilifuata ujauzito wa wanawake hawa wawili?

Luka anaeleza kuwa Mariamu alipopashwa habari, Elisabeti alikuwa katika mwezi wa sita. Kwa hesabu hiyo Kanisa liliweka kuzaliwa kwa Yohana tarehe 24 Juni, miezi sita kabla ya Krismasi. Na tarehe 25 Machi, sikukuu ya Mariamu kupashwa habari, iko miezi tisa kamili kabla ya 25 Desemba.

Je, wajua kwamba Mariamu aliuliza swali kabla ya kukubali?

Mara nyingi tunamchora Mariamu kama msichana aliyeinamisha kichwa akanyamaza. Luka anamwonyesha akifikiri. Kwanza alitafakari salamu ile ni ya namna gani. Halafu akauliza jambo hilo litawezekanaje, naye hajamjua mume. Gabrieli hakumkemea, alimjibu, akampa na ishara ya Elisabeti. Akaongeza kwamba hakuna lisilowezekana kwa Mungu, fundisho ambalo Sara alilisikia hemani kwake alipocheka. Ndipo Mariamu akakubali.

Hatari yake ilikuwa ya kweli. Alikuwa ameposwa na Yusufu, na uchumba wa Kiyahudi ulikuwa na nguvu ya ndoa kisheria. Mimba nje yake ingeweza kumletea adhabu kali na aibu isiyofutika. Mathayo anasema Yusufu alikusudia kumwacha kwa siri, mpaka malaika alipomwambia asiogope.

Baada ya hapo Mariamu alifunga safari. Alitoka Nazareti ya Galilaya, kijiji ambacho hakikutajwa popote katika Agano la Kale, akaenda kwa haraka nchi ya milima ya Yudea, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mapokeo yanapaonyesha mahali hapo kuwa Ein Karem, magharibi ya Yerusalemu. Alikaa huko kama miezi mitatu, katika miezi ambayo mjamzito mzee huhitaji sana mkono wa msaidizi.

Je, wajua kwamba wimbo wa Mariamu huimbwa kila jioni duniani kote?

Wimbo huo umo Luka sura ya 1, na una mizizi katika wimbo wa Hana wa kitabu cha kwanza cha Samweli sura ya 2. Wote wawili wanamsifu Mungu anayewainua wanyonge, anayewashibisha wenye njaa na kuwashusha wenye nguvu. Mariamu anaimba kana kwamba hayo yote yamekwisha kutukia, ilhali mtoto hajazaliwa na Herode bado yuko kwenye kiti chake. Wakatoliki huuimba katika Masifu ya Jioni, Waanglikana katika Sala ya Jioni, na Waorthodoksi katika ibada ya alfajiri. Kuanzia 17 hadi 23 Desemba, Wakatoliki huutangulizia antifona saba za kale, kila moja ikimwita Masihi aje kwa jina mojawapo la unabii.

Martin Luther aliandika kitabu kizima kuufafanua wimbo huu mwaka 1521, akakimalizia akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg. Alimwandikia mwanamfalme kijana wa Saxony, ili ajifunze kutoka kwa binti wa kijijini jinsi Mungu anavyowatazama wakubwa na wadogo. Mwaka 1933, Jumapili ya tatu ya Majilio, mchungaji Dietrich Bonhoeffer aliuhubiri mjini London, akiwahudumia Wajerumani waliokuwa huko. Hitler alikuwa ameingia madarakani mwaka huohuo. Bonhoeffer alisema huu ndio wimbo wa kwanza kabisa wa Majilio, na akaonya kwamba si wimbo wa upole wa picha za kupendeza. Aliuawa na utawala wa Hitler mwezi Aprili 1945.

Je, wajua kwamba Mariamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Qurani?

Sura ya 19 ya Qurani inaitwa kwa jina lake, Maryam, na ina aya 98. Katika Agano Jipya Mariamu mama wa Yesu ametajwa kwa jina mara 19, na Injili ya Yohana haimtaji kwa jina hata mara moja, inasema tu mama yake Yesu. Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani Unguja na Pemba, jina Mariamu huitikiwa katika nyumba za Waislamu na za Wakristo. Ni heshima ambayo majirani wa dini mbili wanaweza kuizungumzia pamoja bila kugombana.

Je, wajua kwamba Biblia haimtaji punda katika safari ya Bethlehemu?

Michezo ya kuigiza ya Krismasi humpandisha Mariamu juu ya punda, na humweka mwenye nyumba ya wageni akiwafukuza mlangoni. Luka hasemi habari za punda wala za mtu huyo. Anasema tu kwamba hapakuwa na nafasi, na kwamba mama alimvika mtoto nguo za kitoto akamlaza horini. Siku 40 baadaye wazazi walitoa hekaluni sadaka ya ndege wawili, ambayo Torati iliiruhusu kwa yule asiyeweza kununua mwanakondoo. Mama aliyeimba juu ya maskini kuinuliwa alikuwa maskini kweli.

Je, wajua kwamba Ana alingoja kwa zaidi ya nusu karne?

Siku hiyo ya sadaka ndipo tunapokutana na Ana, binti Fanueli, wa kabila la Asheri. Asheri lilikuwa mojawapo ya makabila ya kaskazini, ambayo ufalme wao uliangushwa na Waashuri mwaka 722 kabla ya Kristo. Wengi huyahesabu makabila hayo kuwa yalipotea, na hapa Luka anatuonyesha bibi mmoja aliyeujua ukoo wake.

Aliishi na mume miaka saba tu, kisha akawa mjane hadi umri wa miaka 84. Wapo wanaolisoma andiko hilo kumaanisha ujane wenyewe ulidumu miaka 84, na kwa hesabu hiyo alikuwa amepita miaka 100. Hakutoka hekaluni, akiabudu kwa kufunga na kuomba usiku na mchana. Luka anamwita nabii, cheo walichokuwa nacho Miriamu, Debora na Hulda kabla yake.

Mzee Simeoni alimpokea mtoto mikononi, akasema sasa yuko tayari kwenda kwa amani, akawabariki wazazi. Ana alimshukuru Mungu, kisha akaanza kuwatangazia habari za mtoto huyo wote waliokuwa wakiungoja ukombozi wa Yerusalemu. Katika umri ule, baada ya kungoja kote kule, alianza kazi mpya.

Je, wajua kwamba unaweza kuwafuata wanawake hawa Jumapili kwa Jumapili?

Jumapili ya kwanza, soma habari za Tamari na Rahabu, kisha umtafute mjane au yatima katika ukoo wako ambaye haki yake ya shamba au nyumba imekaliwa, usimame naye. Jumapili ya pili, soma kitabu cha Ruthu chote kwa mkao mmoja, kisha mkaribishe mgeni mezani. Jumapili ya tatu, soma habari za Hana na Elisabeti, ukamtembelee mwenzako anayesubiri mtoto au anayebeba kejeli za watu kwa kukosa mtoto. Nenda ukamsikilize, usimpelekee maswali. Jumapili ya nne, uimbe wimbo wa Mariamu pamoja na wa nyumbani mwako, kisha ufanye kama Ana: mwambie mtu mmoja kwa jina lake kwamba Mungu ametimiza ahadi.

Huenda wewe unayesoma haya una ombi ambalo limechukua miaka bila jibu. Wanawake hawa hawakuambiwa tarehe, na Tamari, Rahabu, Ruthu na Bath-sheba walifariki bila kujua kwamba wangetajwa kila Desemba katika ukoo wa Yesu. Walichokuwa nacho ni jambo jema lililokuwa mbele yao siku ile, na walilifanya. Mungu aliyaunganisha matendo hayo madogo akayafanya njia ya Mwana wake kuja duniani. Lifanye na wewe lililo mbele yako leo.